Baiskeli Niliyoipandisha Bodaboda

Ipo asubuhi moja siisahau, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa sijaota mvi. Kosa langu linanipa ruhusa.

Mimi na Magesa ni wa rika moja, tulitahiriwa pamoja kwetu Butiama, tukaajiriwa ofisi moja Musoma. Yeye alikwenda kazini kwa baiskeli, mimi kwa bodaboda. Siku tuliyopimwa presha, muuguzi alimsifu Magesa kwamba moyo wake unapiga kwa utulivu. Mimi yangu ilikuwa juu. Nikaambiwa niushughulishe mwili, nirudi baada ya miezi mitatu. Isiposhuka, nianze vidonge. Niliogopa, lakini nakiri, kilichoniuma zaidi ni zile sifa. Hasidi hana sababu.

Nikanunua baiskeli nzuri kuliko yake, nikaisugua hadi spoku. Ila sikutaka mtu anione nikihema kilimani. Nilitaka nianze nikiwa tayari hodari. Basi kila asubuhi nilipanda bodaboda nimeipakata baiskeli, nikashuka karibu na ofisi, nikamalizia kwa madaha.

Asubuhi hiyo, mama yake Magesa alikuwa pale niliposhukia, amemletea mwanawe samaki, sato. Kwetu mama wa mwenzako wa rika ni mama yako, hivyo hakuhitaji ruhusa ya kunisema, na habari za presha zetu alikuwa ameshazipata kwa mwanawe.

"Kumbe unaibebaga kila siku?" akauliza. "Sasa hapo nani anamwendesha mwenzake?"

Dereva wa bodaboda akacheka. Mimi nikaishusha baiskeli.

"Magesa alipoanza alikuwa anaisukuma kilimani, anafika amelowa," akasema taratibu. "Unautamani moyo wake, baba, ila jasho lake hulitaki."

Kesho yake niliisukuma kilimani, watu wakiniona. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja nikakipanda kilima bila kushuka. Miezi mitatu ilipotimia, presha ilikuwa imeshuka na vidonge sikuanzishwa. Nikamuuliza muuguzi ya Magesa ni ngapi. Akasema hilo nikamuulize Magesa.

Wivu haukuisha, mwanangu, nisikudanganye. Ila sasa wivu huo ukija unanikuta nimeshaondoka nyumbani. Nenda kazini kwa baiskeli, hata vibaya, hata ukiisukuma. Ukipewa dawa, meza. Mwenzako akisifiwa, muulize alianzaje.

Mungu akupe pumzi ya kufika, na akulinde barabarani, kwenda na kurudi.