Barua ya Kuthibitisha Kwamba Nicolaus Hamo

Pale njia panda ya Segera, mabasi yanaposimama watu wakojoe na kununua machungwa, Nicolaus ana kibanda cha bati chenye kompyuta mbili na feni moja. Kazi yake ni kuingiza programu za wizi. Mtu analeta kompyuta, Nicolaus anachomeka flashi, anabonyeza anapopajua, halafu anairudisha ikiwa na kila kitu, virusi vikiwemo.

Angeridhika na wizi huo mdogo, leo angekuwa na mke. Lakini kichwa chake ni kikubwa na ndani mna nafasi nyingi. Programu zake alizipakua kutoka kwa kundi moja la ng'ambo lililojiita Fuvu, watu wanaovunja kufuli za programu na kuzigawa bure mtandaoni. Siku moja akawaandikia kuwashukuru. Hawakujibu. Kwa Nicolaus huo ukawa uanachama. Akachapisha fulana nyeusi yenye fuvu kifuani, akaanza kutangaza kuwa yeye ndiye mwakilishi wao Afrika Mashariki.

"Tuko arobaini dunia nzima," alimwambia Emiliana, mwalimu wa sekondari, binti wa Mzee Joseph wa Kwashemshi. "Wengine hatujuani hata sura."

Emiliana akaamini. Barua ya posa ikapanda mlima hadi Kwashemshi, ikapokelewa, na siku ya jibu ikapangwa.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, taarifa ya habari ikasema polisi wa nchi kumi na moja wamevamia nyumba za watu wa Fuvu alfajiri moja, wakabeba kompyuta na kuufunga mtandao wao. Wanachama wengine bado wanasakwa. Mzee Joseph alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini.

Ujumbe ulishuka Segera kupitia kwa Fabiani, mshenga wa Nicolaus.

"Mzee anasema hamwozeshi binti yake kwa mtu anayetafutwa na nchi kumi na moja. Mbili angevumilia."

"Mimi simo."

"Si una fulana?"

"Fulana nilichapisha Korogwe hapo."

"Basi leta barua ya serikali ya kijiji kwamba humo. Bila barua sipandi tena. Nisije nikakatwa panga kwa ajili ya fulana yako."

Ndivyo Nicolaus alivyojikuta mbele ya meza ya mtendaji wa kijiji, Mzee Mhina. Mwaka jana Nicolaus aliitibu kompyuta ya ofisi hiyo, na orodha nzima ya wakulima wa mbolea ya ruzuku ikapotea. Mzee Mhina alitukanwa msimu mzima na hajasahau tusi hata moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hatuna kompyuta ya kutengeneza. Uliitengeneza."

"Naomba barua, mzee. Kwamba mimi si mwanachama wa Fuvu."

"Si ulisimama kwenye mkutano wa kijiji ukasema ndiwe mwakilishi wao?"

"Nilikuwa naongea tu."

"Kwa hiyo niandike ulikuwa unaongea tu."

"Andika ukweli, mzee."

Mzee Mhina akaandika kwa mkono, polepole, kama anayekula kitu kitamu. Akagonga muhuri mara mbili, akafunga bahasha kwa gundi. Barua ya ofisi haifunguliwi na aliyeibeba. Nicolaus, anayeishi kwa vitu vilivyofunguliwa na wengine, aliiogopa ile gundi.

Jumapili walikaa sebuleni Kwashemshi. Mzee Joseph akachana bahasha, akamwita Emiliana asome kwa sauti.

"Yahusu Nicolaus, mkazi wa Segera. Mtajwa hajawahi kuwa mwanachama wa kundi lolote la kimataifa, na kundi hilo halimfahamu. Huiba peke yake vile ambavyo wenzake wamekwisha kuviiba, na njiani huviharibu. Aliyoyasema kuhusu Fuvu aliyasema kwa hiari yake. Naomba apewe ushirikiano."

Fabiani akakohoa kuficha kicheko. Mzee Joseph akaonekana kufarijika.

"Hii ni nafuu," akasema. "Nchi kumi na moja hazimtaki."

Emiliana bado alikuwa ameishika barua. "Miaka miwili unaniambia unakesha ukiongea na wenzako wa ng'ambo. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Nilikuwa napakua."

"Unapakua."

"Bando la usiku ni rahisi."

Emiliana akaingia ndani, akarudi na kompyuta yake, akaiweka mapajani mwa mchumba. "Toa ulivyoingiza humu. Matokeo ya kidato cha pili yamo, sitaki virusi vyako."

Nicolaus akaanza kubonyeza. Kuingiza alikujua kwa mpangilio wa vidole, kama watoto wanavyokariri dua. Kutoa hakuna aliyemfundisha. Kioo kikawa bluu. Akabonyeza tena, kikawa cheusi. Mzee Joseph akainama kutazama, Fabiani naye.

"Inahitaji mtandao," Nicolaus akasema.

Emiliana akaifunga kompyuta taratibu, vidole vya Nicolaus vikiwa bado ndani.

"Baba, mrudishie barua yake."

"Ipi? Ya posa au ya mtendaji?"

"Zote."