Jiwe Lililokataa Kuwaka Msibani

Aibu ya siku ile bado haijanitoka. Mpaka leo nikikatiza mtaa wetu wa Lumemo nikaona akina mama wamekaa mkekani napita njia ya nyuma, maana nikitokea tu mazungumzo yanakatika.

Mimi nasomea miamba (ndiyo, kuna watu wanasomea mawe, chekeni tu). Mwaka jana nilikwenda kusini kwenye mawe ya mchanga yenye madini ya urani, nikarudi na kipande cha mti wa kale uliozikwa humo ukageuka jiwe jeusi linalong'aa kama mkaa uliopakwa mafuta. Baba mkubwa aliyenilea akalipenda. Alikuwa ameshaanza kuumwa, hospitali ilishatuambia ni saratani ya tumbo, akaliweka dirishani karibu na kitanda ili awaonyeshe waliokuja kumjulia hali: "Huu ni mti, mwanangu kauleta." Nilitakiwa kulirudisha maabara, nikamwachia, nani angemnyang'anya mgonjwa furaha yake.

Akafariki. Watani wetu wakaja msibani kufanya vituko vyao kama ilivyo ada, wafiwa tupumue kidogo. Mmoja wao, Mama Tekla, akaingia chumbani akatoka amevaa kofia ya marehemu, anakohoa kama yeye, mkononi kashika jiwe langu. "Mchoyo huyu, kafa kauficha mkaa dirishani." Akalitupa motoni chini ya sufuria la wali. Watu wakacheka, na mama mkubwa, mjane mwenyewe, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

Ningelitoa kimyakimya yangeishia hapo. Lakini jiwe likakataa kuwaka, Mama Tekla akalichokonoa kwa kijiti akasema, "Hata mkaa wake mkaidi kama yeye," na mimi msomi wa ukoo (kiherehere kimeniponza tangu utoto) nikalivuta nje kwa koleo, nikaanza somo mbele ya msiba mzima.

"Hili haliwezi kuwaka vizuri, mama. Lina urani. Mionzi yake imeupiga huu mti mamilioni ya miaka, imeubadilisha ndani kwa ndani mpaka si mti tena."

Kicheko kikakatika. Sijui nani alianza, ila wali wote ulimwagwa mferejini, mchele wa shamba la Katindiuka alioulima marehemu kwa mikono yake, na Mama Tekla akavua ile kofia akawa anajisugua viganja kwenye nyasi huku analia. Nikapaza sauti kwamba mionzi yenyewe ni kidogo, wali haujagusana na jiwe, nani anisikilize. Vijana wa kubeba jeneza wakagoma mpaka mtu akakimbia duka la dawa kununua glavu. Baba mkubwa, mtu aliyempa mkono kila aliyekutana naye njiani, alishushwa kaburini na watu waliovaa glavu, na mimi nimesimama pale naangalia.

Tuliporudi mama mkubwa akaniita pembeni.

"Mwanangu, ndilo lililomuua?"

"Hapana, mama. Alianza kuumwa kabla sijalileta."

"Lakini umesema limebadilisha mti."

"Kwa mamilioni ya miaka, mama. Tena mionzi ilikuwa humo humo ndani ya mti."

Akatazama viganja vyake. "Basi yeye halikumuua. Mimi ndiye niliyekuwa nalifuta vumbi kila asubuhi, kwa khanga hii."

Nilimweleza siku ile, nikamweleza tena kesho yake, na jiwe nikalirudisha maabara. Kila nikimaliza anasema, "Haya, mwanangu," kama anayembembeleza mtoto asiendelee kusema. Khanga aliichoma. Nimeapa sitafungua tena darasa kwenye msiba wa mtu, na nikiulizwa nasomea nini najibu udongo, basi. Nimechelewa lakini. Siku hizi nikimpa shikamoo mama mkubwa anaitikia marahaba akiwa amesimama mbali, mikono kaificha nyuma, anasema asije akaniambukiza.