Chuma Kilichoushinda Moto wa Anatole

Mdogo wangu Anatole alijua chuma kwa pua na kwa ulimi. Ndivyo baba yetu alivyotufundisha kule Bukavu: chuma kikikuficha jina lake, pitisha tupa, nusa ule unga, kisha onja. Mimi nilikatazwa moto kwa sababu ni msichana, lakini kuonja nilionja. Anatole ndiye aliyekuwa fondeur, myeyusha chuma. Hapa Durban alikodi pembe ya yadi Pinetown, nyuma ya duka la matairi, akawa anayeyusha pistoni na rimu za magari, anamwaga ndani ya mchanga, zinatoka sufuria. Wamama wengi wa Kongo hapa Point, mtaa wetu, wanasonga fufu ndani ya sufuria zake. Hazina urembo, ila hazipasuki.

Mwezi wa tatu, kisha siku mbili za upepo mkali, alikuta kitu South Beach, bahari imekitupa. Mpira wa chuma, mkubwa kama mtungi, umeungua ukawa mweusi, juu yake kipande cha bomba kimejikunja. Mtu mmoja anaubeba bila shida. Alipouingiza nyumbani, bibi yake wa ndoa, Médiatrice, alicheka.

"Papa Anatole, umeleta yai. Na mama yake akilifuata?"

"Nitampika na yeye."

Jebet hakucheka. Huyu ni binti Mkenya anayesoma universite, chumba chake kinapakana na chetu. Aliupiga picha, akatafuta kwenye simu, akarudi mbio.

"Mama, hiyo ni tangi ya roketi. Wakisharusha roketi, vipande vinabaki huko juu vikizunguka miaka na miaka, vingine vinaanguka. Ndani kunaweza kuwa na sumu. Tuwapigie polisi."

"Mwenyewe ni nani?" nikamuuliza.

"Nchi iliyoirusha. Sijui ni gani."

"Basi mwenyewe aje aokote takataka yake. Sisi ni watu wa karatasi ya ukimbizi ya miezi sita. Tukipiga simu watasema tumeiba."

Hayo ni maneno yangu, siyakatai.

Anatole akaupeleka Pinetown. Kwa ule wepesi alidhani ni aluminiamu. Ubavuni mpira ulikuwa na sikio dogo la kushikia. Akalikata kwa msumeno, akalitia katika chungu cha moto pamoja na pistoni. Pistoni ziliyeyuka zote. Lile sikio likakaa pale kama jiwe ndani ya uji. Jioni hakula vizuri.

"Miaka thelathini," alisema, "chuma hakijanidharau namna hii."

"Pengine hakijui Kiswahili," Médiatrice akamtania.

Kesho yake akakata lile bomba. Ukatoka mlio kama wa tairi linalopoteza upepo, kisha maji kidogo, na harufu ya samaki aliyeoza. Mwenye duka la matairi alimpigia kelele atoke pale. Mtu mwingine angekimbia. Anatole aliinama, akaweka pua kwenye tundu, maana ndiyo kazi yake, kujua kitu kwa kunusa. Akachovya na kidole, akaonja.

Alirudi nyumbani macho mekundu, anatapika, anakohoa. Asubuhi tulimpeleka hospitali. Tukiwa kwenye foleni nikamwambia asiseme habari ya mpira. Daktari, kijana Mhindi mwenye adabu, akamuuliza, "Umevuta nini?"

Anatole aliniangalia. Nikamjibia mimi: "Moshi wa makaa."

Wakamtibu kama mtu wa pumu. Jebet alikuja siku ya pili, akanivuta pembeni.

"Mama, mwambieni daktari. Tafadhali."

"Wewe una visa. Nyamaza."

Usiku ule Médiatrice alishuka kutafuta chai. Anatole akaondoa mdomoni kifuniko cha hewa alichowekwa.

"Dada, niseme?"

"Ngoja kwanza. Unapata nafuu."

Hakuwa anapata nafuu. Niliona.

Siku ya tatu mikono yake ilianza kutetemeka, kisha mwili mzima, kitanda kikagonga ukuta. Hapo ndipo nilipotoka hadi kwenye korido, nikamwambia daktari yote. Aliacha kalamu, akakimbia. Wakabadilisha dawa saa ile ile. Anatole alikufa Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

"Labda siku ya kwanza ingesaidia," daktari alisema. "Labda."

Watu wa serikali walikwenda Pinetown na mavazi meupe na vinyago, wakafunga yadi, wakaubeba ule mpira ndani ya pipa. Waliniuliza ulipookotwa, uzito wake, nani mwingine aliugusa. Nchi yenye roketi walisema itaandikiwa. Karatasi yangu hakuna aliyeitaka.

Kisha maziko, watu walipokwisha kutawanyika, Médiatrice aliketi mbele yangu.

"Dada Gracieuse, Anatole alikuuliza kama aseme?"

Ningeweza kukataa. Hakuna aliyetusikia.

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Ngoja kwanza."

Médiatrice aliinuka. Akakunja vitenge vyake kimoja kimoja, akaondoka kwenda kwa ndugu zake. Jebet anasema nimfuate nimwombe msamaha. Niliinuka mara mbili, nikafika mlangoni. Nikimfikia nitasema nini ambacho hakijui?