Ngazi za Shangazi Kule Mbaha

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha darasa la tano, miguu haitulii. Nilitoka kwenye kibarua cha barabara upande wa Ukata, ambako nilijifunza gabioni, yaani vile vizimba vya waya vinavyojazwa mawe ili kuzuia udongo. Hakuna aliyenifundisha kwa kupenda. Niliuliza mpaka mafundi wakanichoka.

Nikarudi Mbaha kwa shangazi yangu aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa juu ya genge, na kila asubuhi aliteremka ziwani kuteka maji, mkono mmoja umeshika majani asiporomoke. Nikaamua kumjengea ngazi: vizimba vya mawe chini, na juu ya kila kimoja ubao mnene wa kukanyagia.

Uso wa vizimba niliupanga jiwe kwa jiwe, maana ndio unaoonekana. Katikati nilimimina kokoto za ufukweni kwa koleo. Waya za kuunganisha mbele na nyuma sikuzifunga kabisa.

Jirani yetu, Mzee Ndunguru, Mmatengo aliyeshuka kutoka milimani kuja kuoa huku, akapita kutazama. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akakipiga teke kizimba cha tatu, akasikiliza.

"Mjomba, tumbo hili lina njaa," akasema. "Lifungue, upange kwa mkono. Mvua haiangalii uso."

Nikamtania kwamba arudi kwenye mashimo yake ya ngoro, yale wanayolimia kwao mlimani. Akanijibu taratibu kuwa mashimo yale yamezuia udongo wa mlima tangu enzi za babu zake, na hakuna aliyeyachimba huku anakimbia. Nikaahidi kurekebisha. Kesho yake nikasikia kuna kazi kijiji cha Ruanda, nikaondoka.

Masika yakaja. Kokoto zikatitia, kizimba kikavimba mbele, ubao ukainama. Shangazi akaanguka na ndoo yake, akavunjika nyonga. Waswahili husema mwenda pole hajikwai. Shangazi alikwenda pole maisha yake yote. Aliyekwenda mbio nilikuwa mimi.

Niliporudi nilimkuta kitandani, analisikia ziwa asiloweza tena kuliendea. Wanawake wa jirani walikuwa wamemletea maji, na Mzee Ndunguru amekaa mlangoni. Kabla sijafungua kinywa, shangazi akanitangulia.

"Nilijikwaa mwenyewe," akawaambia. "Ngazi za mwanangu hazina kasoro."

Mzee akanitazama. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza siku ile, na siku zote zilizofuata, mpaka kipupwe kikamchukua shangazi akiwa bado amenibebea kosa langu. Baada ya mazishi nilivifumua vizimba vyote, nikavipanga upya kwa mikono hii. Watu wanashuka humo hadi leo. Yeye hakuwahi.

Kwa hiyo, mwanangu, zunguka, uliza, jifunze; sikukatazi. Ila ukiijenga kazi, ukae nayo mpaka mvua ya kwanza iipitie. Pasipoonekana ndipo upange kwa mkono. Na ukikosea, sema "ni mimi" wakati mwenye kuumia angali anasikia, maana kaburini nimesema mara nyingi, na sijajibiwa.

Mungu akujalie mikono isiyo na haraka na ulimi usiochelewa. Wanaokupenda wakanyage ulipojenga, wafike salama.