CD Iliyotoka Shamba la Alizeti

Siku hizi wateja wakubwa wa CD hapa Karatu ni ndege. Watu wanazitundika mashambani, upepo unazizungusha, zinamulika, ndege wanadhani kuna mtu. Mimi niliyewahi kuziuza na kuzitengeneza mezani pale stendi nakiri zinamshinda mlinzi: hazilali wala haziombi chai.

Kwa hiyo yule mama wa Qurus ninayenunua maharage kwake alipofungua kanga sebuleni kwangu akatoa CD yenye kamba bado tunduni, nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ni ya harusi ya mwanangu wa kwanza," alisema. "Nilidhani ni zile mbovu za watoto. Nimeifunga mwenyewe kwenye mti, katikati ya alizeti."

Ndani yake alikuwamo marehemu mumewe, akitoa slufay, yale maneno ya baraka ambayo mzee wa Kiiraqw huyasema kipande kwa kipande huku watu wakimwitikia. Jumamosi hiyo binti yao wa mwisho alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: abarikiwe na baba yake kama dada yake alivyobarikiwa. Nikauliza kama kuna nakala nyingine. Hakuna. Nikauliza tena, kwa maneno mengine. Hakuna.

"Itapona, baba?"

Kwa kawaida hapo ndipo ninapotaja bei. Safari hii mdomo ulikataa. Nikitaja bei, nimeshakubali kwamba itapona.

Niliipeleka dirishani. Upande unaong'aa ulikuwa umekwaruzwa na mabua, lakini huo sikuuogopa. Ni plastiki, inasuguliwa. Niliogopa upande wa maandishi, kwa sababu picha na sauti zimelala chini ya rangi ile, na rangi ikibanduka hakuna fundi. Nikaiinua kwenye mwanga. Karibu na ukingo palikuwa na tundu dogo, kama limetobolewa na sindano, na jua likapita hapo likanichoma jicho.

CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje. Ukingoni ndiko mwisho.

"Mama, mzee anaongea mwanzoni au mwishoni?"

"Mwishoni. Watu wakishakula."

Sikumwambia kuhusu tundu. Nikaiosha kwa maji na sabuni, nikapaka dawa ya meno nyeupe, nikasugua kwa kitambaa cha pamba kutoka katikati moja kwa moja hadi nje, kamwe si kwa kuzungusha. Mchubuko wa kuzunguka hufuata njia ya sauti na kuila yote.

"Mkono unaohesabu chenji mara mbili, leo unasugua kabla ya bei?" mke wangu akanichokoza. "Na hiyo ndiyo dawa ya meno ya nyumba nzima."

Mama hakuondoa macho kwenye kitambaa. "Ikikatika katikati ya baraka," akasema polepole, "mwanangu asiisikie. Afadhali asibarikiwe kuliko baraka ikomee njiani."

Basi nikaogopa kweli. Nikamwambia mke wangu aelekeze simu kwenye runinga na arekodi tangu mwanzo, kisha nikaisukuma CD ndani ya deki kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa.

Kwenye runinga watu wa harusi wakacheza. Wakakata keki. Wakala, wakala mno. Sijawahi kuona wageni wanaokula taratibu namna ile. Ndipo mzee akasimama na fimbo yake. Alipotamka kipande cha kwanza, mama aliyekaa kwenye kochi langu akaitikia pamoja na wageni. Cha pili, akaitikia. Picha ikaanza kuvunjika vipandevipande, deki ikakoroma. Mama akapandisha sauti, akaitikia kwa nguvu, kana kwamba anamshika mumewe mkono asianguke. Mzee akamaliza. Akakaa. Picha ikaganda akiwa amekaa, na deki ikanyamaza kabisa.

"Rudia," mama alisema. "Tuhakikishe."

Mimi, wa kuhakikisha kila kitu mara mbili, nikaitoa CD nikaifunga kwenye kanga yake.

"Hapana, mama. Tuhakikishe kwenye simu."

Tukasikiliza simu. Mzee yumo, mzima, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na juu ya sauti za wageni wote inasikika ya mkewe, karibu zaidi. Nikanakili kwenye flashi, kisha kwenye flashi nyingine, nikazihesabu. Mbili. Nikazihesabu tena.

Ndipo nikataja bei. Mama akashika kichwa, tukaanza kupatana.