Mpini wa Mama

Siku ile kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, kitinda mimba wetu, msichana pia, na shangazi yetu aliyekuwa amefika jana yake kutoka Kamuli. Wazazi wetu wamelala palepale, kati ya migomba, miaka kumi na zaidi sasa.

Tulikuwa tukipalilia maharage. Majembe yetu yalikuwa na mipini mifupi, isiyofika hata urefu wa mkono wa mtu mzima. Ukilima nayo unajikunja mpaka majani ya maharage yanakugusa uso. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Mama alipofariki, baba akiwa ametangulia, nilikuwa darasa la tano. Niliacha shule, nikashika jembe lake, na mipini ya wadogo zangu nikaikata ilingane nalo. Niliona kwamba tukilima kama mama, nyumba haitaniharibikia.

Mdogo wangu anayenifuata ni mrefu kuliko sisi wote. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, mkono kiunoni. Kila asubuhi alifagia uwanja ameinama, kila jioni alipanda kilima na dumu la maji kichwani, ingawa baiskeli ilikuwapo. Nilisema baiskeli ni ya ndizi za kuuza. Nilikuwa nikimwona akiegemea ukuta kabla ya kulala. Nikasema ni uvivu.

Siku ile aliposimama tena, nilimwita kwa jina nililozoea kumtania nalo.

"Mgeni rasmi, hotuba imekwisha?"

Alijaribu kunyooka akaishia nusu, amepinda, jasho linamtiririka. Kitinda mimba akacheka, maana mimi ndiye niliyemfundisha kucheka. Alipoona machozi ya dada yake akanyamaza.

Shangazi alimlaza juu ya nyasi tulizotandaza chini ya migomba, kisha akaokota jembe la mgonjwa.

"Nani kalikata hili?"

"Mimi, shangazi. Nilifuatisha la mama."

"Mama yupi aliyelima na mpini mfupi hivi?"

Nikampa langu. Aligusa ncha ya mpini, pale ulipochanika zamani, palipolainishwa na viganja vyangu.

"Huu si mpini, mwanangu. Hiki ni kipande. Baba yenu alimchongea wa kumfika kifuani. Ulivunjika yeye akiwa kaburini na mama yenu ameshaanza kuumwa. Kila nikija aliniambia atatafuta wa kumchongea mwingine." Akanirudishia. "Nawe ukakifanya dini."

"Mwache, shangazi," mdogo wangu alisema kutoka chini. "Hakujua."

Afadhali angenitukana. Habari ya mpini sikuijua, au niliisahau. Lakini mgongo wake niliujua.

Tulimpeleka zahanati kwa bodaboda, dereva akienda polepole kama aliyebeba mayai. Mganga alimwuliza anavyolima, anavyofagia, anavyochota maji. Akasema mgongo huo haukuumia leo. Uliumia kidogo kidogo, kila siku kwa zamu yake. Akauliza nani alimzoesha kufanya kazi hivyo.

"Ni kazi za nyumbani tu," mdogo wangu akajibu.

Nilikuwa nimekaa kando yake kwenye benchi. Nikatazama sakafu.

Shangazi alikaa nasi wiki nzima. Kabla hajaondoka alinionyesha mti unaofaa, nikachonga mipini mitatu mirefu. Maji sasa yanapanda kwa baiskeli. Ufagio wa uwanjani nimeufunga kwenye fimbo. Majirani wanaopita kuelekea Ihanda hunitania: "Dada, siku hizi unalima umesimama kama bwana shamba!" Nawaitikia tu. Kila ninapolima nimenyooka, nahisi wepesi ambao ningeweza kumpa mdogo wangu miaka yote ile kwa nusu siku ya kuchonga mti.

Yeye hukaa mlangoni akichambua maharage. Nikisimama kupumzika hunipigia kelele, "Mgeni rasmi, hotuba imekwisha?" Kitinda mimba hucheka. Mimi huinamisha kichwa na kuendelea, na ile samahani niliyoiandaa tangu zahanati bado sijaisema.

Jembe lake la mpini mpya limeegemea ukuta, halijagusa udongo tangu siku ile. Sehemu yake nalima mimi. Nimemlimia misimu miwili. Yeye aliinama kwa amri yangu tangu akiwa na miaka tisa.