Uzi Nyuma ya Kalenda

Majirani walimwita Bi Futi, na jina likamkaa. Alikuwa mshonaji, futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kutwa nzima, hata akienda sokoni, na miaka kumi na tisa ya kukanyaga cherehani ndiyo iliyomjengea nyumba ya vyumba vitatu. Alipohamia, aliikagua kama gauni la bibi harusi. Kila Jumamosi alizunguka na penseli sikioni, akagonga vigae kwa mpini wa kisu kusikia kama vimeshika, akapapasa kuta chini ya madirisha kusaka unyevu. Watu walimcheka. Wacheke tu, si wao waliojenga.

Mwezi wa nne tangu ahamie na mama yake, hofu ikamwingia. Chumbani kwa mama yake, kwenye kona ya dirisha, ulitokea ufa mwembamba ulioshuka mshazari ukapotelea nyuma ya kitanda. Kichwa cha mama yake kililala pale pale, chini ya ufa. Na mama mwenyewe hakuja kirahisi: alibembelezwa miaka miwili mizima aache kibanda chake cha udongo, binti akamwapia kwamba hii ni nyumba ya matofali na haitamwangukia mtu. Sasa angemweleza nini?

Hakumweleza kitu. Alitundika kalenda juu ya ufa, na nyuma ya kalenda akabandika kipande cha uzi mweusi kikavuka ufa, gundi huku na gundi kule. Uzi ukikatika, basi ukuta unatembea. Kila asubuhi mama akitoka kuota jua, Bi Futi alijipenyeza humo kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe, akainua kalenda.

Siku tisa uzi ulikuwa mzima. Siku ya kumi aliukuta vipande viwili.

Alivuta kitanda aone ufa umefika wapi, na huko nyuma akakuta jambo lililomtisha zaidi: ufa ulikuwa umeshuka hadi sakafuni, na sehemu yote hiyo ilikuwa imezibwa kwa sabuni ya mche, ikalainishwa vizuri kwa kidole. Mama yake alijua. Alijua, na kila usiku alilala hapo hapo, kimya.

Mwashi aliyeijenga nyumba alikuja siku ile ile, akiingia na kicheko.

"Bi Futi, nawe! Nyumba mpya haikosi nyufa. Plasta inakauka hiyo."

"Tazama uzi, fundi."

Mwashi alitazama uzi. Akatoa sarafu mfukoni, akaisukuma kwenye ufa, ikaingia nusu nzima. Kicheko kikaisha.

"Toeni kitanda kwanza," alisema. "Sasa hivi."

Walipokitoa, akazunguka nje na kipande cha nondo. Chini ya dirisha udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Alichomeka nondo ikazama bila kuisukuma sana. Jumamosi zote zile Bi Futi alipapasa kuta kwa ndani. Huku nje hakuwahi kuinama hata mara moja.

"Hapa sikupitisha bomba," mwashi alisema. "Mvua yenyewe haijanyesha. Maji haya yanatoka wapi?"

"Ni mimi."

Mama alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, mikono ameikunja kifuani kana kwamba anasikia baridi.

"Naogea chumbani, kwenye beseni, wewe ukiwa dukani kwako unashona. Maji nayamwaga dirishani."

"Mama! Bafu si lipo? Miezi yote minne?"

"Bafu lenyewe linang'aa, mwanangu. Niliogopa nitaharibu kitu chako. Nikatia maji kidogo tu, mara mbili kwa siku. Kisha nikauona ufa, nikaogopa ukiuona utalia. Nikaziba."

Bi Futi alikuwa ameona bafu kavu kila jioni, akajisifia kwamba mama yake ni msafi, anafuta maji baada ya kuoga.

"Na mimi niliogopa ukiuona utarudi kwako," alisema.

Mwashi alikohoa. "Mngeongea mwezi uliopita, ningekuja na mwiko tu. Sasa inabidi nije na sururu."

"Ukuta utasimama, fundi?"

"Udongo ukikauka, nikaishika kona kwa zege, utasimama. Mvua ikinitangulia, sikudanganyi, sijui."

Wote watatu walitazama juu. Upande mmoja wa mbingu ulikuwa umeanza kufunga kwa mawingu.

Jioni ile kitanda kilihamia sebuleni. Bi Futi alimshika mama yake mkono, akampeleka bafuni, akamjazia beseni lake maji. Mama alisimama juu ya tundu la maji, beseni amelikumbatia.

"Yataenda wapi?"

"Mbali na ukuta, mama. Mwaga."

Akamwaga. Wakasikiliza mpaka tone la mwisho lilipopotelea bombani, kisha mama akaweka beseni chini, akatangulia mwenyewe hadi chumbani kulikokuwa kutupu, akainua kalenda.

"Bandika uzi mwingine," alisema. "Kesho tuutazame wote."